Glavu za Oili

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuingiza kipande cha gari ndani ya nyumba usiku, ukakilaza karibu na jiko na kukifunika kitambaa kama kitoto, ili asubuhi kisiikatae pumzi yako?

Oili Kemppainen alifanya hivyo kila usiku wa baridi. Gari lake la kupelekea watoto shule lilikuwa na kufuli ya pombe, kifaa kinachozuia injini isiwake kikinusa pombe, kama sheria ya huku kwetu kaskazini inavyotaka kwa kila gari la shule. Dereva anapuliza kwenye kijibomba, hicho hicho kinacholazwa karibu na jiko, pumzi moja ndefu isiyokatika, mpaka kifaa kilie tik. Taa ikiwa ya kijani, injini inawaka. Ikiwa nyekundu, gari ni chuma tu, na kifaa hakisahau.

Asubuhi moja ya Januari alikuwa anakaguliwa. Mkataba wake ulikuwa unaisha, kampuni moja ya mjini ilikuwa inaitamani njia yake, na Jarkko Tolonen, ofisa wa usafiri wa halmashauri, angepanda naye. Oili akaamka mapema. Akachomoa waya wa umeme uliopasha injini usiku kucha, akakwangua barafu kwenye vioo, akaongeza maji ya kuoshea kioo, yale ya bluu yasiyoganda kwa sababu yana spiriti. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mtungi ukateleza, maji yakamwagikia glavu zake za sufu. Akazikung'uta, akazivaa tena, maana hakuwa na nyingine.

Tolonen akafika, akaingia upande wa pili, milango ikafungwa. Oili akashika kijibomba, akapuliza.

Nyekundu.

Tolonen akamsogelea, akavuta hewa puani.

Kijiji kizima kilikuwa kinamnusa hivyo, dukani, kanisani, tangu enzi za mumewe Veikko, aliyemalizwa na chupa. Hata siku ya mazishi watu walimpa mkono huku wakimnusa. Alikuwa na neno la kuwaambia siku ile. Akalimeza pamoja na kahawa.

"Mama Oili," Tolonen akasema, "jana pombe ya sauna ilikolea, eh?"

"Ni glavu. Zimemwagikiwa maji ya kioo."

"Glavu zimelewa! Hiyo mpya."

"Ngoja nifungue milango, hewa ipite."

"Hapana. Kifaa kikikataa, dereva anasimama. Ndiyo kanuni."

"Na watoto wa Karvonen? Wako pale njia panda, kwenye jukwaa la zamani la kuwekea mitungi ya maziwa. Baridi yote hii, Jarkko!"

"Mpigie mama yao."

Oili akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Saa hizo mama yao yuko zizini, anakamua.

"Basi kawachukue kwa gari lako."

Tolonen akalitazama gari lake pale uani. "Halina kufuli. Siruhusiwi kubeba watoto wa shule."

Vioo vikaanza kuganda kwa ndani. Tolonen akatazama saa, akashusha sauti ingawa uani hapakuwa na mtu.

"Lete hicho. Napuliza mimi, unaendesha wewe. Mengine tutayamaliza sisi wawili. Nani atajua?"

Oili akakitazama kijibomba. Angempa tu, watoto wangepata joto. Lakini kuanzia hapo angekuwa mlevi aliyefichiwa aibu, na ofisa ndiye angekuwa shahidi.

"Anayeendesha ndiye anayepuliza," akasema. "Hiyo nayo ni kanuni."

Akafungua milango yote. Glavu akazitupa kwenye theluji, na zulia la miguuni lililodondokewa pia. Akasugua mikono kwa theluji mpaka ikawa myekundu, akasukutua maji ya chupani, akatema. Kisha akasubiri kifaa kiwe tayari, macho yakiwa barabarani. Tolonen alikuwa anapigapiga miguu nje.

Oili akapuliza. Katikati kifua kikamtetemeka kwa baridi, pumzi ikataka kukatika. Akaikaza.

Tik. Kijani.

Pale kwenye jukwaa, Sanelma alikuwa amemzungushia mdogo wake Eetu skafu yake mwenyewe mpaka puani. Kope zao zilikuwa nyeupe kwa barafu.

"Mama Oili, mbona leo umechelewa?" Sanelma akauliza, meno yakigongana.

Tolonen akawahi kujibu. "Mashine ilisumbua kidogo tu." Akamkonyeza Oili, kama mtu aliyemlipia mwenzake deni.

Oili hakuondoa gari. Mikono yake mitupu ilikuwa juu ya usukani.

"Mashine haikusumbua," akasema. "Nilimwaga maji ya kioo kwenye glavu, taa ikawaka nyekundu. Mnisamehe, wanangu." Kisha akamgeukia Tolonen. "Iandike hiyo nyekundu. Njia mpe unayemtaka. Lakini andika na hili, nimekaa nalo tangu tumzike Veikko: mimi pombe sijawahi kuionja. Msininuse tena."