Walisema Yuko Kanada

Noreen Catchpole hakutaka kwenda Cambridge. Wifi yake, Beryl, ndiye aliyemwandikisha kwenye safari ya akina mama wa kanisa, akamtengenezea na sandwichi za yai, kisha akaja kumgongea mlango asubuhi kabla hajavaa viatu.

"Tangu Clifford afe umejifungia ndani kama mwari," Beryl alimwambia. "Leo unatoka, hata kwa kuburutwa."

Basi liliondoka Lowestoft mvua ikinyunya. Njia nzima akina mama walikula peremende na kuwasengenya wasiokuwepo. Noreen aliegemea kioo, akatazama nje. Kulikuwa na jambo ambalo hata Beryl, dada wa marehemu mumewe, hakulijua.

Mwanawe wa pekee, Russell, alikwenda Cambridge akiwa na miaka kumi na minane kusomea hisabati. Baba yake alikuwa mpakiaji wa njegere kiwandani, na mtaa mzima ulijivuna kana kwamba kila nyumba imetoa mtoto. Mwaka wa pili kijana akaanza kusikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Akaacha masomo, akahamahama miji, simu zikapungua, mwisho zikakatika. Noreen na Clifford walimtafuta kimyakimya. Kwa watu walisema yuko Kanada. Uongo ule ulianza kama neno la kumkwepa jirani dukani, ukakua mpaka ukawa na kazi nzuri, mke na theluji.

Aliyewapokea huko Cambridge ni mzee mmoja mwenye mwavuli mwekundu, kazi yake kutembeza wageni. Akawaingiza uani kwenye chuo kimojawapo, akawaonya wasikanyage majani, kwani humo wanaoruhusiwa kuyakanyaga ni walimu peke yao.

"Majani yenyewe kama ya kwangu tu," Beryl alinong'ona. "Tofauti ni kwamba ya kwangu yana mavi ya paka."

Wenzake wakacheka. Noreen alikuwa anatazama ngazi za mawe kwenye pembe ya ua. Zilifanana na zile alizopanda yeye na Clifford, wamebeba masanduku ya vitabu, huku Russell akitangulia mbele na kuwahimiza waseme kwa sauti ya chini.

Walipotoka kuelekea sokoni walimkuta mtu ameketi juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwenye mlango wa duka lililofungwa. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine umefungwa matambara. Wengine walimpita wakitazama juu, kwenye minara. Beryl hakuwa mtu wa kumpita mtu.

"Baba, umekula leo?"

"Bado, mama."

Beryl akatoa skonzi mkobani, akamwekea mkononi. Mtu yule akainua uso kushukuru, na macho yake yakavuka bega la Beryl yakatua kwa Noreen. Alikuwa na ndevu za kahawia zilizoshikana, mashavu yameingia ndani. Lakini macho yalikuwa ya Clifford.

Beryl aligeuka. "Wifi, unajuana na huyu? Mbona anakukodolea macho?"

Akina mama wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, wakisubiri. 

"Simjui," Noreen alisema.

Mtu yule akainamisha kichwa upesi. "Samahani, mama," akasema. "Nimekufananisha."

Wakaendelea na safari yao. Mzee wa mwavuli alieleza habari za wafalme waliojenga kanisa fulani na za dirisha lililochukua miaka mingi kukamilika. Noreen hakusikia hata moja. Walifika mtoni, wakaanza kuingia kwenye mashua bapa zinazosukumwa kwa upondo. Msukumaji, kijana mwenye kofia ya majani, alimpa mkono.

"Ingia, bibi, usiogope. Wiki hii sijamzamisha mtu."

Noreen aliweka mguu mmoja ndani ya mashua, akaurudisha.

"Wifi, unaumwa?" Beryl alikuwa ameshakaa.

"Nendeni. Nitawakuta."

Alirudi mbio, mwanamke wa miaka karibu sabini, akiwapiga kumbo watalii. Alimkuta palepale, anamega skonzi vipande vidogovidogo.

"Russell."

Hakuinua uso. "Ungebaki na wenzio, Mama. Basi litakuacha."

"Liniache."

"Shangazi amenenepa."

"Hakukutambua."

"Najua." Akatafuna polepole. "Baba hajambo?"

Noreen alikuwa amelisubiri swali hilo tangu kule mtoni. "Baba yako amefariki, mwanangu. Mwezi wa tatu. Moyo."

Russell aliacha kutafuna. Watu walipita, na baiskeli. "Mwezi wa tatu," akasema. "Mvua ilinyesha sana mwezi wa tatu."

"Tulikutafuta. Sikujua nikuletee wapi habari. Mazikoni nikawaambia watu kwamba umekosa ndege."

"Ndege ya kutoka wapi?"

"Kanada."

Hapo akamtazama. "Kanada? Kwa nini Kanada?"

"Ni mbali."

"Nina kazi huko?"

"Ya benki. Una na mke."

"Anaitwa nani?"

"Sikumpa jina."

Akacheka, kicheko kilekile cha utotoni, cha kurusha kichwa nyuma. Kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na alipofuta mdomo mkono ulibaki na damu. Noreen akamshika bega. Chini ya koti hakukuwa na nyama ya kushika.

"Twende hospitali."

"Kesho."

"Basi twende nyumbani."

"Nyumbani siwezi kulala, Mama. Kuta zinanisemesha. Hapa angalau nikisikia watu, ni watu kweli."

 Noreen aliketi kwenye maboksi kando yake, akakunja sketi yake nzuri chini ya magoti. Maboksi yalikuwa yameloa.

Akina mama walimkuta hivyo walipotoka mtoni. Beryl alikuwa mbele, uso umemwiva kwa hasira na wasiwasi.

"Tumekutafuta kila kichochoro! Na wewe umekaa chini hapo kufanya nini?"

"Beryl, huyu ni Russell."

"Russell gani?"

"Wa kwangu. Wa kaka yako."

"Russell yuko Kanada," Beryl alisema.

"Hajawahi kwenda Kanada. Tulidanganya."

Akina mama wakatazama viatu vyao. Mmoja alianza kusema habari ya basi, akaishia katikati. Beryl alimwinamia mtu wa kwenye maboksi, akamtazama macho, kisha damu iliyobaki mkononi.

"Mtoto wa kaka yangu," akasema, "nimemtupia skonzi kama njiwa." Kisha sauti yake ikapanda. "Na wewe, Russell! Kaka yangu amekufa anautazama mlango. Utanyanyuka hapo uende hospitali, au nikubebe? Nitakubeba, unanijua."

Russell akanyanyuka. Walimshika huku na huku, wakatafuta teksi. Basi likarudi Lowestoft bila Noreen na Beryl.

Mapafu yalikuwa yameharibika zamani. Madaktari walisema wazi kwamba amechelewa. Noreen alipanga chumba karibu na hospitali, akawa anakwenda kila siku kumlisha supu aliyoimeza kwa shida. Siku moja, alipomwona ametulia, alijikaza akasema lililokuwa likimla.

"Siku ile nilisema sikujui."

"Nilisikia."

"Nisamehe, Russell."

Aligeuza uso dirishani. Nje kulikuwa na maegesho ya magari na mti usio na majani.

"Sijui, Mama. Niache kwanza."

Alimwacha. Hakumuuliza tena, na Russell hakulirudia neno hilo. Alifariki kabla ya Krismasi, asubuhi, Noreen akiwa ameteremka kununua chai.

Walimzika Lowestoft, kando ya baba yake. Mchungaji alitaka kujua aseme nini, maana wengi walikuwa bado na habari za benki.

"Sema aliugua akiwa kijana," Noreen alijibu. "Sema aliishi barabarani, mjini Cambridge, na mimi mama yake nilimpita. Usipambe."

Mchungaji alisema alivyoambiwa. Akina mama wa lile basi walikuwa wamekaa safu ya pili. Wawili hawakuja. Noreen aliziona nafasi zao, na hakuuliza.