Mlango wa Bi Sichana

Jumanne moja, baada ya sala ya alfajiri, Bi Sichana alipanga vitumbua vyake kwenye beseni, akajitanda kanga, akaenda kufungua mlango ateremke kuuza. Ufunguo ulizunguka, kitasa kilishuka, lakini mlango ulikaa palepale. Alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu, kwenye majumba ya Michenzani, tangu binti yake Mwanapili alipokwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani, miezi mitano nyuma.

Alimwita Kificho, jirani yake, fundi seremala. Kificho akatumia bisibisi, akang'oa bawaba zote. Mlango ukabaki umesimama. Akauangalia kidogo, kisha akazirejesha bawaba, maana hakupenda kuacha kazi nusu.

"Mlango huu si ulikuwa wa kahawia, Bi Sichana?" aliuliza akiwa nje. "Sasa umekuwa kijani."

Adhuhuri Mwanapili alipiga simu kwa sauti ya chini. Alikuwa ameomba kurudi nyumbani, na bibi anayemfanyia kazi amefunga mlango wa mbele kwa ufunguo. Hatotoka mpaka mkataba umalizike. Pasi yake ya kusafiria wanayo wao.

"Mlango wenyewe wa rangi gani?" Bi Sichana aliuliza.

"Kijani, mama."

"Haya. Nshajua."

Jirani walipanga zamu. Asubuhi Bi Sichana alivishusha vitumbua kwa kamba dirishani, wakamuuzia. Mchana wakampandishia chakula. Nondo za dirisha zilipitisha bakuli, mtu hazikumpitisha. Siku ya Kificho ilikuwa wali na mchuzi wa papa. Siku ya Rawiya, wa ghorofa ya chini, ilikuwa urojo.

Wiki ya pili Mwanapili alipiga tena.

"Mama, nimeshiba na sijala kitu. Mdomoni nnasikia embe mbichi."

"Urojo wa Rawiya huo."

"Mwambie ndimu imezidi."

Rawiya alipoambiwa, akapunguza ndimu.

Mwezi ulipokwisha, jirani sita walikwenda kwa Mahfoudh, wakala aliyempeleka Mwanapili, Kificho akiwa mbele. Mahfoudh aliwapa maji baridi, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akampigia simu yule bibi wa Maskati na kuiweka spika wote wasikie. Bibi alisema hana malalamiko. Msichana hagusi chakula, na sakafu zinang'ara. Kwa hiyo wameacha kumpikia.

Mahfoudh aliliandika hilo.

"Mkataba umebakisha miezi kumi na minane," alisema. Alipowasindikiza, aliuliza kama kwenye jumba lao kuna wasichana wengine wanaotaka kazi.

Kificho alimweleza Bi Sichana yote, mdomo ukiwa kwenye tundu la ufunguo.

"Basi msilete tena chakula," alisema Bi Sichana. "Akishikwa na njaa, itawabidi wampe."

Kwa siku tatu kamba haikushuka. Jirani walipika kwao na kula bila ya hamu. Rawiya alisimama uani mara mbili na bakuli mkononi, akaangalia juu, akarudi ndani. Bi Sichana alikunywa maji tu. Siku ya pili alishindwa kusimama kusali, akasali amekaa.

Siku ya tatu simu ililia. Sauti ya Mwanapili ilikuwa nyembamba.

"Hawajanipa kitu, mama. Jana nimeanguka jikoni. Bibi anasema nile kwetu, kama nilivyozowea."

Bi Sichana aliinua gilasi ya maji, akairudisha chini.

"Mama. Kula."

Alijikokota mpaka dirishani akamwita Rawiya. Chakula kilipopanda, alikwenda kukaa chini nyuma ya mlango, akala polepole, akitafuna kila tonge vizuri ili lifike. Upande wa pili jirani walikuwa wamekaa kwenye ngazi, wakimsikiliza. Walisubiri mpaka kijiko kilipogonga bakuli tupu.

Kificho akatoa karatasi na penseli yake ya useremala, apange zamu za mwezi ujao.

"Tuandike milo miwili kwa siku, Bi Sichana, au mitatu?"

"Mitatu," alijibu Bi Sichana. "Kesho kule wana wageni, kazi zitamzidia."