Mpira Wenye Mpini wa Mti

Mwaka wa mvua za El Nino, matope yalipokuwa yakiruka mpaka madirishani, Mwanatabu alikwenda kwa Boga, mwenye duka la Mishomoroni, kuchagua mpira wa kufutia vioo. Alitumwa na shemeji yake, Khatibu. Marehemu Mwidani, mumewe Mwanatabu, alikuwa amesimama ndani ya kioo cha dirisha la sebuleni tangu eda iishe, na matambara yalikuwa yameshindwa kumfuta.

Eda aliikaa ipasavyo, ndani, haonani na wanaume. Khatibu akautumia muda huohuo kuandikisha nyumba ya nduguye kwa jina lake. Kikulacho ki nguoni mwako. Mjane alipomaliza eda alioneshwa chumba cha uani na ndoo ya kuoshea madirisha.

Boga alilowesha mipira, akampa aijaribu kwenye kioo cha kabati. Wa plastiki uliacha michirizi. Wa shaba ulifuta vumbi, alama za vidole na sura ya Boga iliyokuwa kiooni. Boga akajipapasa mashavu.

"Chukua huo," alisema. "Ndio alotaka shemejiyo. Unafuta na mtu."

Mwanatabu aliujaribu wa mpini wa mti. Vumbi likatoka, sura yake ikabaki.

"Nipe huu. Nataka uchafu utoke peke yake."

"Khatibu atasemaje?"

"Atasema nini? Kaniwekea ndoo mkononi, basi nitamfutia."

Ijumaa wakaja wageni kumposa binti wa Khatibu. Mwanatabu alikuwa ameshafuta, kutoka juu kushuka chini, bila kuinua mkono. Mwidani alionekana mpaka vifungo vya kanzu, anamkodolea macho nduguye. Wageni wakamsalimu Khatibu, kisha wakaligeukia dirisha.

"Mwidani, si nyumba yako hii?" aliuliza mkubwa wao.

Mwidani aliitikia kwa kichwa.

"Allah akurehemu," akasema mzee, akajisogezea sinia. Wakala pilau, wakamwombea Khatibu baraka ya nyumba, wakaenda zao. Khatibu peke yake hakugusa pilau.

Hati haikubadilika jina. Mwanatabu alirudi chumba chake cha uani. Khatibu akawa anakula ameligeuzia dirisha mgongo, na kila asubuhi, kabla hajatia tonge la kwanza kinywani, Mwanatabu huingia na ndoo, akafuta, akasimama pembeni na mpira wake unaochuruzika.

"Shemeji," humwambia kwa adabu, "leo nimemng'arisha mpaka kope."