Gemu Wanalolipenda Wote

Priscila alipohamia Rusumo kufanya kazi katika ofisi ya mawakala wa forodha, hakumjua mtu. Wenzake watatu, Frednand, Ndikuriyo na Bukuru, walimpokea vizuri. Lakini kila mara mtandao wa forodha ulipogoma na madereva wa malori wakarudi kulala kwenye kabini zao, wote watatu waliinamia simu. Walikuwa wakicheza gemu la vita, lile lililowashika watu wote pale mpakani, kuanzia mawakala hadi wauza chipsi. Kikosi kilitaka watu wanne.

"Dada Priscila, unacheza magemu?" Frednand alimuuliza.

"Nacheza."

Na kweli alicheza. Tangu sekondari alipenda gemu kuliko filamu. Akalipakua, na jioni ile akaingia kikosini. Alikimbia, akajificha, akapigwa, akafa, akafufuka, akakimbia tena. Wenzake walipiga kelele za furaha. Yeye aliingoja furaha hiyo imfikie, kama mgonjwa aliyemeza dawa. Haikuja.

"Ukizoea utalipenda," Bukuru alimtuliza.

Basi akajizoeza peke yake chumbani, mpaka akawapita wote kwa shabaha. Sasa wakamwita komando, wakamwekea nafasi kwenye benchi la mama ntilie. Lakini kadiri alivyoshinda ndivyo alivyozidi kulichoka. Aliona mbio tu, kelele tu, na matusi ya watu asiowajua. Wenzake walipocheka, naye alicheka, akichelewa kidogo.

Jumapili moja mama yake, Scholastika, alimpigia simu kutoka nyumbani, Kirushya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapata watu huko?"

"Nimepata, mama. Kila jioni tuko pamoja."

"Mungu ashukuriwe. Nilihofia upweke."

Simu ilipokatika, Priscila alikaa kitandani, machozi yakimtoka, na mwenyewe hakujua yametoka wapi.

Kesho yake, wakiwa mezani kwa mama ntilie, aliwaambia. "Jamani, hili gemu silipendi. Tangu siku ya kwanza silipendi."

Walicheka, wakidhani anatania. Ndikuriyo ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Wewe unayetushinda sote?"

"Kushinda nashinda. Kupenda ndiko kulikonishinda."

"Sasa wewe unapenda lipi?" Frednand aliuliza.

Priscila akafungua gemu lake, akawasogezea simu kama mtoto anayeonyesha daftari. Mchezaji aligeuza vipande vya mifereji, maji yakashuka kutoka mlimani mpaka mashambani. Hakukuwa na adui, wala haraka. Maji yakifika, mahindi yanachipua. Frednand akageuza vipande kadhaa, akamrudishia simu.

"Ni zuri," alisema kwa adabu. Bukuru alipiga miayo.

Priscila akalifuta lile la vita, na nafasi yake kikosini ikachukuliwa na Teddy wa ofisi ya jirani. Hakuna aliyemtenda vibaya Priscila. Walimsalimia, walisaidiana kazi, walimuuliza habari za nyumbani. Ila mezani mazungumzo yote yalikuwa ya mechi ya jana, nani kamwokoa nani, nani kafa kizembe. Priscila alimaliza ugali wake, akanawa, akaondoka, na mara nyingi hawakuona kwamba ameondoka.

Mchana mmoja mtandao uligoma tena. Ndikuriyo akavuta kiti karibu naye. "Lile la maji bado unacheza? Hebu nione."

Priscila akalifungua upesi. Akasogeza simu katikati yao, akaanza kumweleza kwa nini mfereji wa juu haufai kufunguliwa mapema. Ndikuriyo alisikiliza, akauliza hata swali. Kabla hajajibiwa, Teddy akaita kutoka barazani, "Ndikuriyo, kikosi kinakungoja wewe tu!"

"Nitamalizia kuangalia siku nyingine, dada," alisema Ndikuriyo, akainuka.

"Haya, hakuna shida."

Hiyo siku nyingine haikuwadia. Hata hivyo, kuna jioni Priscila, akiwa bado ofisini, alishika simu akitaka kulipakua upya lile gemu la vita, akamsikia Bukuru akishangilia huko nje, akasita. Akaiweka simu chini, akaenda kununua ndizi za kupika, za mtu mmoja.