Kilo Arobaini za Kusoma

Mzozo ulianza na wifi yangu, kama ilivyo kawaida ya mizozo ya ukoo wetu.

Tulikuwa wasomaji watatu katika ghala la vifurushi. Mimi nilikuwa karani wa mapokezi ya mizigo na katibu wa chama cha wasomaji, cheo nilichojipa kwa sababu hapakuwa na mwingine mwenye rula. Wifi, mdogo wake mume wangu, alikaa kwenye dawati la malalamiko. Mchana kutwa alisikiliza malalamiko ya wateja, na jioni alirudi nyumbani kutoa ya kwake. Wa tatu alikuwa mpimaji wa mizani, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu. Ghala zima lilimwita Gramu, kwa kuwa hakuwahi kumsamehe mteja hata moja.

Kila Januari tulibadilishana mipango ya kusoma. Kila mmoja aliandika orodha ya vitabu vyake vya mwaka, akaisoma mbele ya wenzake, kisha tukaibandika nyuma ya mlango na kuanza kushindana. Mpango wangu ulikuwa na safu nne na wino wa rangi mbili: vitabu kumi na viwili, kimoja kwa mwezi. Wa Wifi ulikuwa na vitabu sitini na uliandikwa nyuma ya bahasha. Wa Gramu ulikuwa na kitabu kimoja. Nilimuuliza kama amesahau kugeuza karatasi. Alisema hakusahau, alikwisha kukiona hicho kimoja na kilimtosha.

Januari haijaisha, Wifi akatangaza kwamba amemaliza saba. Nilivikagua. Kilichokuwa kinene kuliko vyote kilikuwa na kurasa arobaini na nane, kumi kati yake zikiwa picha. Nilimweleza kwa lugha ya upole kwamba hivyo havikuwa vitabu bali vipeperushi vilivyobahatika kushonwa. Alinijibu, kwa lugha isiyo ya upole, kwamba wivu ni maradhi na hospitali haiko mbali. Nilipendekeza tuhesabu kurasa. Akasema herufi za vitabu vyangu ni kubwa kama za kipofu. Alipendekeza tuhesabu maneno. Nikamuuliza nani atayahesabu, na kwa saa za kazi za nani. Tulibishana hivyo siku nne. Siku ya tano Gramu, aliyekuwa kimya kama maji ya mtungini, alifungua kinywa.

"Pimeni," alisema. "Mizani haina wifi wala shemeji."

Mahali pengine watu wangecheka. Sisi hatukucheka. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimewasikia wateja wakiapa kwa marehemu zao kwamba mzigo ni mwepesi, mpaka ulipowekwa juu ya sahani ya chuma. Mtu wa ghala haamini kitu ambacho hakijapimwa. Tulipitisha azimio bila kupingwa: kitabu kikishamalizwa, kitapanda mizani, na uzito wake utaandikwa mbele ya jina la msomaji. Nilichora safu ya tano.

Sasa nieleze habari ya chumba, maana chumba ndicho kilichonikosesha usingizi. Kilikuwa mwisho wa korido, na zamani kilihifadhi vifurushi vilivyovunjika. Kilikuwa na dirisha moja, meza moja, viti vinne na mlango unaofungwa. Mlango unaofungwa ndio uliokuwa utajiri wake. Nyumbani tuliishi watu saba na redio ya mama mkwe, ambayo tuliihesabu kuwa mtu wa nane. Komeo pekee lilikuwa la bafuni, na humo sikuwahi kupita kurasa mbili kabla mtu hajagonga kuuliza kama bado nipo hai. Wifi, niliyekuwa nikiishi naye pia, alisoma popote, hata akikaanga, na alisoma kwa sauti. Saa moja ya mapumziko ya mchana katika chumba kile ndiyo iliyokuwa saa yangu. Nyingine zote zilikuwa za watu.

Mwezi Machi, Meneja alitangaza kwamba anakitaka kiwe ofisi yake ya pili. Ya kwanza, alieleza, ilikuwa na simu. Nilikwenda kumwona nikiwa na ombi la maandishi. Alikuwa mtu wa ripoti. Ilisemekana hajawahi kusoma kitu kisichokuwa na jumla chini yake. Aliniuliza chumba kile kinazalisha nini. Nikasema tunasoma. Akauliza tunasoma kiasi gani. Ningeweza kusema mambo mengi ya busara. Nilisema tunapima kwa kilo.

Uso wake ulikunjuka. Alisema hilo ni jambo analoweza kulifuatilia. Kama ifikapo Ijumaa ya mwisho ya Juni tutakuwa tumesoma kilo arobaini, chumba ni chetu moja kwa moja. Tukipungukiwa, ni chake. Atakuja mwenyewe kuona mzigo.

Nilikuwa nimejipalia makaa, na kilichoungua kwanza ni mpango wangu. Vile vitabu kumi na viwili nilivyovichagua kwa mwezi mzima visingefika hata kilo nne. Niliviweka kando na kwenda kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza kando ya barabara. Mmoja aliniuliza ninatafuta kitabu cha namna gani. Nikamwambia kizito. Alinipa cha falsafa ya roho. Nilikinyanyua kwa mkono mmoja kama mtu anayechagua tikiti maji, nikamrudishia. Nilitoka pale na *Ukarabati wa Madaraja ya Chuma*, juzuu ya pili, kilo tatu na nusu. Nilikifungua kila mchana, macho yangu yakateremka kila ukurasa kutoka juu hadi chini, na nikakifunga mwishoni kwa moyo mkunjufu. Kama huko ndiko kusoma, basi hata vumbi la rafu ni msomaji.

Wifi naye aliacha vipeperushi, akahamia kwenye vitabu vya mapishi, kwa kuwa karatasi inayong'aa ina uzito. Alimaliza sita. Mimi ninayekula chakula chake naweza kuthibitisha kwamba hakuna hata kimoja kilichomwingia.

Gramu peke yake hakubadilika. Riwaya yake ilikaa kwenye mfuko wa koti, nyembamba, isiyo na jalada la mbele. Kwa kuwa hakuwa ameimaliza, haikupimwa. Na kwa kuwa haikupimwa, mchango wake ulikuwa sifuri. Kila mchana nilimkabili.

"Mzee, leo kurasa ngapi?"

"Tatu."

"Tatu tu?"

"Moja niliirudia."

Nilimkumbusha kwamba chumba kinaondoka. Alisema anajua. Nilimwambia hata mtoto wa darasa la pili angekuwa amemaliza. Alikubali kwamba watoto siku hizi ni wepesi sana, akalamba kidole na kufungua ukurasa wa nne, nadhani kwa heshima tu.

Pamoja na hayo tulifika. Alhamisi ya mwisho ya Juni daftari langu lilisoma kilo arobaini na gramu mia tatu: thelathini na moja zangu, zilizobaki za Wifi. Kila kitabu kilikuwa na lebo yake. Mizani ya ghala hutoa lebo kila inapopima, na haitoi lebo bila kuandikiwa tawi mzigo unakokwenda. Mimi nilikuwa nimeandika tawi la kwanza katika orodha, ambalo pia ndilo la mbali kuliko yote, safari ya siku mbili. Lebo ilikuwa ushahidi tu, anwani haikunihusu.

Ijumaa asubuhi nilivipanga vitabu katika makatoni manne. Nilipima kila katoni, nikaibandika lebo mpya, nyoofu, kona ya juu kulia, kama tunavyofundishwa. Kisha niliyatoa makatoni koridoni ili nipige deki, kwa sababu Meneja anakuja. Deki ilichukua dakika ishirini. Nilipofungua mlango, korido nayo ilikuwa safi kabisa.

Katika ghala letu kuna sheria moja ambayo mfanyakazi mpya hufunzwa hata kabla ya kuonyeshwa choo: katoni yenye lebo haiulizwi, hupakiwa. Nilikimbilia uwanja wa magari nikiwa na fagio la deki mkononi. Lori lilikuwa limeondoka.

Wifi alicheka mpaka akashikilia meza. Alipopata pumzi alifungua droo yake na kunipa fomu.

"Jaza hii, wifi. Sehemu ya tatu, pale panaposema kosa ni la nani, tumia herufi kubwa."

Meneja alifika saa sita kamili. Nilimweleza. Alinisikiliza huku akipima dirisha kwa macho, kama mtu anayejua meza yake itakaa wapi.

"Kwa hiyo kilo hamna," alisema.

"Zipo, bosi. Ziko barabarani."

Alisema mzigo ulio barabarani si mzigo uliopokelewa, na kwamba mimi, karani wa mapokezi, napaswa kulijua hilo kuliko yeye. Lilikuwa kweli tupu. Niliona kiti changu, kile kinachoupa mlango mgongo, kikitolewa nje. Nikaona komeo la bafuni. Ndipo nikasema jambo la kijinga la pili: kwamba vitabu vimekwenda lakini tumevisoma, na atuulize lolote.

Alianza na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kilo nyingi. Alitaka kujua kile kinene kilisema nini.

"Kinahusu madaraja," nilisema. "Madaraja huanguka."

"Kwa nini?"

"Kwa kukosa ukarabati."

Alisema hilo alilijua bila kusoma. Aliniuliza ukarabati wenyewe hufanywaje. Nilitazama sakafu niliyoipiga deki. Ilikuwa inang'aa sana.

Wifi aliingilia kunisaidia, maana ugomvi wetu ni wa ndani na mbele ya wageni sisi ni ukuta mmoja. Alianza kusimulia hadithi ya mjane aliyeolewa na mwizi. Katikati mwizi akawa daktari, mjane akapata mume wa kwanza aliyekuwa hajafa, na mwishoni wote wakapika samaki kwa moto wa wastani dakika kumi na tano. Meneja alichukua kofia yake.

"Na wewe, mzee?" alimuuliza Gramu, nadhani ili asionekane amembagua. "Una kilo ngapi?"

"Sina. Sijamaliza."

"Kinahusu nini hicho usichomaliza?"

Gramu alikitoa mfukoni na kukiweka juu ya meza bila kukifungua. Akasema ni habari ya mama mmoja aliyepangisha chumba cha juu. Mpangaji ni mwanamume aliyesema ni kipofu. Anatembea na fimbo, analipa vizuri, hasumbui. Mama anampikia, anamsomea barua zake. Barua nyingine zina mambo ambayo mama haelewi. Asubuhi moja, bila sababu anayoweza kuisema, mama anachukua kiti cha jikoni na kukiweka katikati ya korido, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kiti. Kisha anasimama kimya nyuma ya pazia. Mpangaji anateremka ngazi. Fimbo iko kwapani. Anafika kwenye kiti.

Gramu alivua miwani yake, akaifuta.

"Anajikwaa?" aliuliza Meneja.

"Anakizunguka."

Meneja alivuta kiti, akaketi. Kofia aliiweka magotini. "Kumbe anaona."

"Au ana masikio makali. Hata mama hajui. Nimelala nikiwaza siku tatu."

"Si uendelee kusoma?"

"Naendelea. Ila polepole. Ukienda mbio hapa unapitwa na kitu. Kuna barua moja niliirudia mara nne, nikagundua mpangaji alimsahihisha mama neno alilokosea kulisoma."

"Alijuaje kwamba amekosea?" Meneja aliuliza.

"Hilo ndilo."

Saa saba kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Nilikuwa na miezi mitano nikimsimanga mzee yule kuhusu kurasa zake tatu, na sasa nilikuwa nimeinama juu ya meza kama mama yule nyuma ya pazia. Nilitambua pia kwamba sikumbuki ni lini kitabu kiliwahi kunifanyia hivyo.

Meneja aliomba aazimwe kitabu mpaka Jumatatu. Gramu alinigeukia mimi. Kanuni ya tano, niliyoiandika siku Wifi aliponinyang'anya riwaya na kunisimulia mwisho wake tukiosha vyombo, inasema kitabu hakiazimishwi kabla msomaji wake hajakimaliza. Tena kinaazimishwa kwa mwanachama tu. Niliisoma kanuni hiyo kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mtu aliyekuwa na uwezo wa kunihamishia ghala la mbolea.

"Na mtu anakuwaje mwanachama?" aliuliza.

"Analeta mpango wake wa kusoma kwa maandishi."

Jumatatu aliuleta. Ulikuwa na vitabu arobaini, safu sita na wino wa rangi tatu. Niliutazama kama mtu anayetazama picha yake ya kitambulisho. Wifi alimuuliza kama hivyo arobaini atavisoma au atavipakia. Gramu alimuuliza swali moja tu, ataanza na kipi, na Meneja akakiri kwamba anasubiri kile cha mfukoni. Habari ya ofisi ya pili haikutajwa tena, wala mimi sikuiulizia. Alichukua kiti cha nne.

Wiki iliyofuata tawi la mbali lilipiga simu kueleza kwamba limepokea makatoni manne yasiyo na mwenyewe. Niliwaambia wayasome.

Nami nilirudi kwenye orodha yangu ya Januari na kuchukua kitabu cha kwanza, gramu mia mbili na kitu, sikukipima. Mchana ule Meneja alikuwa akimbana Gramu kuhusu barua, Wifi alikuwa akisoma kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni ya wastani, na mimi sikumsikia yeyote mpaka kengele ilipolia. Wifi aliinamia bega langu, akauliza nimefika ukurasa wa ngapi.

Nilikuwa wa sitini na mbili, mbio ambazo Gramu asingezisamehe. Nikamwambia wa arobaini, nikakifunga kitabu kabla hajaona.