Uso wa Lison kwenye Shaba

Bwana Gaudry, mwenye duka la picha mtaa wa Saint-Jacques, hata kuvuka mto Seine alikuwa mvivu, lakini Uchina aliijua kuliko Wachina.

"Mathurin, huyu ndiye binti wa mfalme wa Uchina? Huyu muuza kabichi! Mteja kacheka mpaka kapaliwa. Macho yavute juu kama ya paka, mdomo uwe kama kifungo. Kwangua uso wote, leo leo."

Mathurin, mchongaji wake wa mabamba ya kuchapia picha, aliinamisha kichwa. Mkewe Perrine, aliyekuwa pembeni akipaka picha rangi, akaweka brashi chini. Uso ule kwenye bamba la shaba ulikuwa wa Lison, mtoto wao, aliyechukuliwa na ndui wakati wa baridi. Baba yake alimficha chini ya kofia ya kengele na mwavuli. Sura yake nyingine haikuwepo duniani.

"Bwana, basi ile karatasi ya majaribio uliyomwonyesha mteja nipe mimi," Perrine alisema.

"Ile? Nimefungia jibini, mama. Inanuka."

Gaudry akapanda juu kula. Mathurin akachukua kisu cha kukwangulia akakinoe kwa mnoaji barabarani. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Mama Lison, nitachelewa kidogo."

Perrine alielewa: mumewe alikuwa anampa nafasi ya kujichapia uso ule. Akalipaka bamba wino, akalifuta kwa kiganja kama alivyowaona wanaume wakifanya. Karatasi akachagua bora ya mezani pake, nene, kavu, iliyoshiba gundi ili rangi isizame. Kwa mwanawe angechukuaje ya ovyo? Akaiweka juu ya bamba kwenye mtambo wa kuchapia, akaning'inia kwenye mikono ya mtambo mpaka mabega yakalia.

Akabandua. Kofia ilitoka, kengele, mwavuli, mikunjo ya vazi. Mahali pa uso palikuwa peupe.

Mathurin aliporudi, akaitazama. "Hukuilowesha?" akanong'ona. "Uso niliuchonga kwa mistari myembamba kama nywele. Karatasi kavu haizami kuufikia wino humo."

"Mimi kazi yangu kupaka rangi, baba. Karatasi yangu ikilowa ndiyo imeharibika."

"Lete nyingine, upesi, tuilowe..."

Ngazi zikalia. "Mathurin! Mbona sisikii kukwangua?" Gaudry akaja akasimama nyuma yake, akitafuna bado.

Mathurin akaanza kukwangua kwenye paji la uso. Perrine akaikunja karatasi yake, akaitia kifuani na wino mbichi, akijua itachafuka. Kisha akashika brashi. Mezani pake kulikuwa na Wachina wengine wa karatasi wakingoja manjano.