Sehemu Niliyokuwa Nairuka

Miaka kumi na tisa naongoza wageni kwenye nyumba hii ya makumbusho, na nikuambie ukweli: siku hizi nikisikia basi lao linaingia, kichwa kinaanza kuniuma. Vitanda hawavitaki, picha hawazitaki. Mbio hadi nyuma ya nyumba, kwenye pampu, pale binti asiyeona wala kusikia alipoandikiwa neno "maji" kiganjani na mwalimu wake, akatambua kwamba kila kitu kina jina. Kila mgeni ananyoosha mkono chini ya pampu, namwandikia herufi kwa vidole, wenzake wanapiga makofi. Ndiyo desturi yetu. Na hadithi yenyewe naijua kuisimulia, usinione hivi. Wanaume wazima wamelia mbele yangu.

Jumamosi moja ya Agosti, joto la Alabama limetukaba roho, akaja mama mmoja kutoka Mississippi, Ouida Pruitt, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka tisa. Mtoto anaitwa Maylee. Haoni, hasikii, tangu azaliwe.

"Bi Verlene! Hunikumbuki?"

"Mama, hapa watu wanapita kama siafu."

"Nilikuja miaka mitatu iliyopita. Nikakulilia begani mpaka blauzi ikalowa chapachapa."

"Kumbe ni wewe! Blauzi yangu ya kanisani, mama, haikufaa tena."

Akacheka, nami nikampenda papo hapo.

Shida yake alinieleza tumesimama vilevile. Mwanawe, baba wa Maylee, alikuwa amechoka. Jumatatu angetia sahihi mtoto apelekwe kwenye makao ya serikali, mbali kabisa na bibi yake.

"Ameniambia, mama, nionyeshe neno moja tu analolijua. Moja! Nazichana karatasi. Ndiyo maana nimemleta kwenye pampu yenyewe."

"Na nyumbani mnamfundishaje?"

"Vilevile ulivyosema wewe!" akajibu kwa fahari. Alichimbiwa kisima uani, akaweka pampu ya chuma. Kila asubuhi, kiangazi na baridi, mkono wa Maylee chini ya maji, neno kiganjani. "Kulikuwa na mwalimu akija mara mbili kwa wiki, na vijiko vyake na vitambaa. Eti kijiko ni kula, kitambaa ni kuoga. Maylee akawa akishikwa na njaa ananiletea kijiko. Nikamtimua yule mwalimu. Nikamwambia, dada, sisi hatutaki vijiko, tunataka neno."

Nikamkatiza. "Na sasa anakuletea kijiko?"

"Aka, alishaacha."

Masikini ya Mungu! Kijiko kile ndicho kilichokuwa neno. Sikupata nafasi ya kumwambia, maana alishamvuta mtoto kwenye pampu. Maylee alipogusa chuma tu, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtoto. Akauma, akarusha mateke, akajitupa chini. Bibi yake akapiga magoti, akaukamata ule mkono mdogo na kuandika, kuandika, huku akilia. Wageni waliokuwa tayari kupiga makofi wakainamisha macho.

"Nakosea wapi, Bi Verlene? Ni vidole vyangu?" Akaniandikia mimi kiganjani. Hakukosea hata herufi moja.

Basi nikamwambia, kwa sababu nilishindwa kuvumilia. Binti wa nyumba hii alizaliwa anaona na anasikia, akaugua akiwa na mwaka na nusu, ameshaanza kutamka maneno. Na kabla ya siku ile ya pampu, mwalimu wake alishinda naye mwezi mzima, asubuhi hadi usiku, akimwandikia jina la kila kitu alichokishika.

"Mbona hukusema?"

"Sehemu hiyo huwa nairuka. Jua linakuwa kali, wageni wanachoka."

"Unairuka." Hakupaza sauti. "Miaka mitatu, Bi Verlene."

Angenizaba kofi ningeshukuru. Nikaanza kubabaika: kijiko kile ndicho kilichokuwa neno la Maylee, amrudishe yule mwalimu, nitampigia mwanawe simu mimi mwenyewe.

"Mwalimu alishahamia Texas. Na mwanangu utamwambia nini? Kwamba mama yake alimfukuza aliyekuwa anamfundisha mtoto?"

Akamfuta Maylee mchanga usoni, akambeba ingawa alikuwa mzito kwake, akaenda zake. Sikumfuata. Niliona haya.

Jumatatu jioni nikapiga simu. Alipokea yeye. Aliniambia mwanawe alikuwa bado anasitasita, kalamu iko mkononi, akawaomba watu watatu waliotoka makao wamjaribu mtoto mara ya mwisho. Mama mmoja mpole akauchukua mkono wa Maylee ili amwekee kijiko.

"Akakunja ngumi," Ouida akasema. "Walijaribu kwa zamu, wote watatu. Hakumfungulia mtu kiganja, hata mimi. Wakaandika hafundishiki, na mwanangu akatia sahihi."